Namba na Simulizi: Ushahidi wa Wananchi wa Njombe na Makambako katika Utafiti wa Sera

Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huorodhesha kazi za hadithi: kuburudisha, kuonya, kufunza adabu, kuhifadhi historia ya ukoo na ya kabila. Wanafunzi huzikariri kazi hizo na kuzimimina katika mitihani. Iko kazi moja, hata hivyo, ambayo hutajwa kwa nadra, nayo ni ile ya kutoa ushahidi. Mwananchi anapomsimulia mtafiti jinsi alivyouza mazao yake, jinsi alivyohamia kijiji kipya, au jinsi alivyomuuguza nduguye, hapitishi wakati. Anatoa ushahidi ambao kesho utaingia katika taarifa, na keshokutwa huenda ukaingia katika uamuzi wa serikali: stesheni ipi ifungwe, zahanati ijengwe wapi, mkulima akopeshwe mbolea kwa masharti gani. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo tunayoyaita sera, na uchunguzi unaoyatangulia ndio utafiti wa sera.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja kwa kutumia mifano ya Njombe na Makambako: simulizi la mwananchi likishaingia katika utafiti wa sera, lisomwe namna gani? Jibu tutakalolitetea ni kwamba simulizi si pambo la taarifa, wala si shahidi asiyeulizwa swali. Ni kazi ya fasihi simulizi, yenye fani na maudhui, na yeyote asiyeijua fani yake hawezi kuyapata maudhui yake kwa ukamilifu.

Jambo lenye mizizi nchini

Msomaji asidhani kwamba mawazo haya yameletwa juzi. Kati ya mwaka 1975 na 1979 ulifanyika katika wilaya ya Bagamoyo utafiti uliojulikana kwa jina la Jipemoyo, uliowashirikisha watumishi wa wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa pamoja na watafiti kutoka Finland, miongoni mwao Marja-Liisa Swantz. Msingi wake ulikuwa kwamba mwanakijiji si kitu cha kuchunguzwa bali ni mchunguzi mwenzi. Miaka michache baadaye, huko Malya katika mkoa wa Mwanza, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji kwa njia ya sanaa za maonyesho. Wanakijiji walizitaja shida zao, wakazitungia michezo na ngoma, kisha wakazijadili hadharani. Mlama aliieleza njia hiyo kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991.

Njombe yenyewe ina mfano wake. Kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012, Njombe ilikuwa wilaya katika mkoa wa Iringa, na mkoa huo ndio ulioendesha mpango mashuhuri wa lishe wa miaka ya 1980 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya. Watoto walipimwa uzito vijijini mwao kila baada ya miezi mitatu, na hesabu iliyopatikana haikupelekwa mjini tu. Ilisomwa na kujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Tuutazame utaratibu huo kwa makini. Mzani ulitoa namba, lakini mzani hauwezi kueleza kwa nini mtoto wa nyumba fulani amekonda ilhali ghala la nyumba hiyo lina mahindi. Maelezo hayo yalitoka katika vinywa vya watu: mama ashindaye shambani tangu alfajiri hana wakati wa kumlisha mtoto zaidi ya mara mbili kwa siku. Namba ilifungua mlango. Simulizi ndilo lililoingia ndani.

Njombe: watu walioitwa namba

Kitabu cha kwanza tutakachokijadili ni cha mwanahistoria James Giblin, aliyekiandika kwa kushirikiana na Blandina Kaduma Giblin na kukichapisha mwaka 2005. Jina lake ni A History of the Excluded, yaani historia ya watu waliotengwa, nacho kimejengwa juu ya mazungumzo na familia za Njombe kuhusu maisha yao katika karne ya ishirini. Hoja kuu ya kitabu ni kwamba watu wa Njombe, baada ya kunyimwa nafasi katika uchumi na madaraka ya ukoloni, waliigeuza familia kuwa kimbilio, mahali pa kuhifadhi heshima, mali na matumaini ambayo dola iliwakatalia.

Ili kuuona uzito wa hoja hiyo, hatuna budi kukumbuka habari za manamba. Vijana wengi wa Ubena waliondoka makwao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Neno lenyewe manamba limetokana na namba. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina, ukoo na utani wake, akafika mkongeni akiwa tarakimu katika daftari la msimamizi. Taarifa za watawala ziliwahesabu watu hao kuwa nguvukazi: wangapi wameondoka, wangapi wamerudi, kodi kiasi gani imelipwa. Hesabu hizo zina manufaa na hakuna sababu ya kuzidharau. Hata hivyo, ziliandikwa na mwajiri kwa ajili ya mwajiri. Familia iliyobaki nyuma ilikuwa na hesabu yake nyingine: nani atalima shamba la aliyeondoka, mahari italipwa lini, mtoto yupi apelekwe shule kwa fedha zilizotumwa. Hesabu hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la serikali. Iliwekwa katika masimulizi.

Hapo ndipo ubora wa kitabu hiki unapoonekana. Mwandishi hakuyachukua masimulizi ya familia kama vijazio vya pengo lililoachwa na nyaraka. Aliyachukua kuwa ni fikra. Aliona kwamba familia inayojisimulia inafanya kazi ya kujieleza yenyewe ni nani, na kwamba maelezo hayo ni tukio la kihistoria sawa na kodi au vita. Kwa mtunga sera, funzo ni kubwa. Mpango wa maendeleo unaofika Njombe hauwakuti watu wasio na mpango. Unakuta mipango ya koo iliyokwisha kudumu vizazi kadhaa, na usipoifahamu, utagongana nayo.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Neno kimbilio ni zuri, na kwa sababu ni zuri lataka kuhojiwa. Familia ilikuwa kimbilio la nani? Mume alipokuwa mkongeni, mke ndiye aliyelima, aliyelea na aliyewatunza wazee. Huenda kwa kijana aliyerudi na sanduku lake, nyumbani palikuwa kimbilio, na kwa dada yake aliyeachishwa shule ili kaka asome, pale pale palikuwa mahali pa kazi isiyokwisha. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, ila neno ambalo haliharibiki mbele ya wazee mara nyingi ni neno la wazee wenyewe. Anayelitumia simulizi la ukoo kwa ajili ya sera lazima aulize ni nani katika ukoo huo aliyekuwa jikoni wakati likisimuliwa.

Makambako: stakabadhi na kumbukumbu

Kutoka Njombe kwenda Makambako ni safari fupi ya kaskazini kwa barabara itokayo Songea. Hapo barabara hiyo hukutana na barabara kuu iendayo Zambia na pia na Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China na kuanza kazi rasmi mwaka 1976. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi Makambako kwa njia ya mahandaki na madaraja mengi, na kipande hicho ndicho kilichowatoa wajenzi jasho kuliko vyote.

Jamie Monson, katika kitabu chake Africa's Freedom Railway cha mwaka 2009, ameichunguza reli hii bila kuanzia kwa marais na wahandisi peke yao. Ameanzia kwa wakulima na wachuuzi wa kando ya njia. Alikusanya masimulizi ya maisha yao, na pamoja nayo akazipitia stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni. Mwalimu wa fasihi na aizingatie njia hiyo. Stakabadhi zasema ni mizigo gani iliyopakiwa, kutoka stesheni gani kwenda stesheni gani. Simulizi lasema kwa nini mwenye mzigo alianza biashara, mtaji wake wa kwanza ulitoka wapi, na alihamaje kutoka zao moja hadi jingine. Kila kimoja kinamsaili mwenzake. Msimulizi akitia chumvi, stakabadhi itamrekebisha. Stakabadhi ikinyamaza, msimulizi ataizungumzia.

Faida ya utafiti wa aina hiyo ilidhihirika wakati wa mageuzi ya uchumi, ilipopendekezwa kwamba baadhi ya stesheni ndogo zifungwe kwa sababu ya gharama. Wananchi wa kando ya reli walipinga, na Monson ameyachambua malalamiko yao. Hawakusema tu kwamba wangepata hasara. Walisimulia. Walikumbusha kwamba reli ile ilikuwa ya wananchi, kwamba watu wa kwao walishiriki katika kuijenga, kwamba vijiji vya ujamaa viliwekwa kando yake na kupewa jukumu la kuilinda. Katika vitabu vya hesabu stesheni ndogo ni gharama. Katika simulizi ni ahadi. Mpangaji wa uchumi anaweza hatimaye kuamua kwamba ahadi haiwezi kutimizwa, lakini hana haki ya kuamua bila kujua kwamba ahadi ilikuwapo.

Hapa pia pana jambo la kuhakiki. Masimulizi mengi ya enzi ya ujenzi yalitolewa katika miaka ambayo reli ilikuwa imedhoofika. Mzee anayesimulia kwamba zamani treni ilifika kwa wakati na watu walifanya kazi kwa moyo mmoja anazungumza juu ya zamani, lakini anayemlenga ni mtu wa leo. Sifa za jana mara nyingi ni malalamiko ya leo yaliyovaa mavazi ya heshima. Mtafiti asiyelijua jambo hili atayachukua maneno hayo kuwa historia ya miaka ya 1970. Mtafiti anayelijua atapata humo pia taarifa ya kuaminika kuhusu uchungu wa wakati wa kusimulia.

Mfano wa darasani: gunia lenye kilemba

Hebu sasa tujaribu wenyewe. Mkulima yeyote wa viazi mviringo wa Njombe anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa juu yake kilemba cha viazi zaidi, huku bei ikibaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na katazo hilo limetangazwa mara nyingi. Kwa nini basi mkulima aendelee kushona kilemba kinachomwibia mwenyewe? Simulizi lifuatalo ni la kubuni, limetungwa kwa ajili ya darasa, na msimulizi wake ni bibi mkulima wa milimani:

"Mwaka ule viazi vilikubali. Lori likaja, wingu nalo limekwisha kutanda. Mwenye lori hakushuka. Akasema, bibi, gunia lisilo na kilemba silipandishi. Mbolea ilikuwa na mwenyewe. Tukashona. Mwaka uliofuata lori lilikuwa lile lile. Sisi tulishona tu."

Mtu wa haraka atalifupisha simulizi hili hivi: wakulima wanakubali lumbesa kwa hiari. Mwanafunzi wa fasihi hatakubali ufupisho huo. Ataona kwanza kwamba mwenye lori hakushuka. Kwa maneno matatu, msimulizi amechora uhusiano mzima wa nguvu kati ya aliye juu na aliye chini. Ataona wingu, akaelewa kwamba barabara ikilowa lori halitarudi tena na viazi vitaoza. Ataisikia sentensi iliyoonekana kama imepotea njia, "Mbolea ilikuwa na mwenyewe," akatambua kwamba hiyo ndiyo kiini cha simulizi: mbolea ilikopwa, na mdai anangoja. Ataliona takriri la kushona, na ataona jinsi nafsi inavyobadilika. Bibi ameitwa peke yake, lakini anajibu kwa wingi, "sisi", kwa maana aibu ya kudhulumiwa ni nyepesi ikibebwa na wengi.

Mwisho ataona kisichokuwamo. Mzani haumo katika simulizi hili. Sheria haimo. Vitu viwili ambavyo serikali huvitegemea kuikomesha lumbesa havikumfikia bibi huyu hata kwa jina. Hilo ndilo jambo ambalo sera inahitaji kulisikia. Kumkamata mwenye lori barabarani ni jambo la haki, lakini ni kukamata mkia. Kichwa kiko kwenye deni la mbolea na katika barabara isiyopitika.

Je, simulizi moja latosha kuamulia? La hasha. Bibi mmoja hawezi kutuambia ni kaya ngapi zilizokopa mbolea, wala ni vijiji vingapi vinavyokatiwa njia na mvua. Hayo yatafutwe kwa kuhesabu. Lakini mtu ambaye hakulisikiliza simulizi asingejua kwamba deni la mbolea ni jambo la kuhesabiwa. Angehesabu magunia tu. Simulizi hutupa swali, namba hutupa ukubwa wa jibu.

Hatari za pande mbili

Tumelitetea simulizi, sasa tulionye. Hatari ya kwanza ni ile ya methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanakijiji wamewaona wageni wengi wenye madaftari, nao wamejifunza ni hadithi gani huleta kisima na ni ipi huleta semina. Kumlaumu mwananchi kwa hilo ni uonevu. Yeye ni mtambaji hodari anayewajua wasikilizaji wake. Mtafiti ndiye anayepaswa kukaa muda wa kutosha hadi hadithi ya mgeni iishe na hadithi ya mwenyeji ianze. Hatari ya pili ni ya watafiti wenyewe. Kuna taarifa ambazo uamuzi wake umeshakatwa, kisha huokotwa simulizi moja la kuliza machozi na kubandikwa mwanzoni mwa ukurasa kama ua kwenye kofia. Huko ni kumfanya mwananchi shahidi wa kesi ambayo hakuisikia.

Lakini hatari ya kutosikiliza ni kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wa udongo kutoka Arusha waliuawa pamoja na dereva wao na wanakijiji waliowadhania kuwa ni wanyonya damu. Hadithi za mumiani zimesimuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba uvumi wa aina hiyo ulibeba mawazo ya watu kuhusu utawala, tiba na nguvu za wageni. Hakuna simulizi linaloweza kuhalalisha mauaji yale. Ni uhalifu na ni msiba. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtafiti anayeingia kijijini kuchukua udongo, au jibu, au tone la damu, anaingia katika hadithi iliyokwisha kuanza kabla hajafika, na ni wajibu wa waliomtuma kuijua.

Namba nayo, ikiachwa bila simulizi, haikai peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Njombe na kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI cha asilimia 12.7 miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.4. Namba hiyo ni ya lazima. Bila hiyo dawa zisingepangwa inavyostahili. Lakini watu wakishaisikia huitungia hadithi papo hapo, na hadithi ya haraka kwa kawaida ni ya kulaumu: watu wa kule wako hivi, wanawake wa kule wako vile. Masimulizi ya wenyeji wenyewe, ya njia kuu na malori, ya vijana waendao mbali kutafuta kazi, ya mabibi waliobaki kulea wajukuu, yangetupa njia za kuchunguza badala ya watu wa kunyooshea kidole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pengo la simulizi la kweli halibaki wazi. Hujazwa na simulizi la uongo.

Hitimisho

Ikiwa hayo tuliyoyasema yana ukweli, basi mwalimu wa fasihi ana kazi kubwa kuliko ile aliyopewa na mtaala. Anapomfundisha mwanafunzi kuuliza nani anasimulia, anamsimulia nani, kwa nini alianzia pale, ni neno gani alilolirudia na ni lipi alilolimeza, anamwandaa raia atakayekaa kesho katika ofisi ya mipango ya halmashauri, mbele ya taarifa zenye majedwali mengi na sauti chache.

Kwa wanafunzi wa Njombe na Makambako tunapendekeza zoezi moja. Msisubiri mtafiti kutoka mbali. Muulizeni bibi au babu namna viazi, chai au mbao za nyumbani kwenu zinavyouzwa, na muandike maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyasafisha. Kisha nendeni sokoni mkahesabu magunia na kuuliza bei. Yawekeni mawili hayo kando kwa kando darasani, mkajadili ni wapi yanakubaliana na ni wapi yanapingana. Pale yanapopingana msiharakishe kuamua nani mwongo, maana hapo ndipo palipo na jambo. Tangu siku za manamba wananchi wetu wamehesabiwa vya kutosha. Mtambaji anapoita "Hadithi, hadithi!" hangoji hesabu ya waliohudhuria; hungoja jibu, "Hadithi njoo," ndipo aanze. Jibu hilo ndilo ambalo sera njema inapaswa kujifunza kulitamka kabla haijatoa agizo.